Rangi ya Maji ya Maang'avu

Wanaoijua nchi ya Maang'avu kwa kufika ni wachache, na Aikande mfinyanzi ni mmoja wao. Alikwenda kwa mwaliko wa serikali ya huko, iliyotafuta fundi wa kuijengea tanuri la kuchomea vigae vya Jumba la Bomba. Safari yenyewe haina la kusimulia: alipanda, akashuka, akalala njiani, akafika. Ya kusimuliwa ni yale aliyoyakuta.

Mpakani ofisa hakumwomba hati. Alimwomba acheke. Aikande alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitano asiyependa kucheka mbele za watu, kwa kuwa meno yake ya mbele yalikuwa na michirizi ya kahawia tangu utotoni. Alifungua mdomo kidogo tu. Ofisa akasimama, akavua kofia.

"Meno ya asali! Karibu sana, mama. Umezaliwa vizuri."

Nyuma ya Aikande alikuwapo mfanyabiashara mmoja mwenye meno meupe pe. Huyo alipewa kitambaa cha kufunika mdomo na kuonywa asikivue mbele za watu, maana nchini humo meno meupe yalihesabiwa kuwa dalili ya malezi duni.

Aikande alifumba mdomo haraka. Michirizi ile aliijua ilikotoka. Alikulia chini ya mlima ambako maji ya kisima yana madini ya floraidi kupita kiasi, na kaka yake, aliyekunywa maji hayohayo, alitembelea fimbo mbili tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Ndiyo maana popote alipokwenda hakukosa mkobani chupa ndogo ya dawa nyekundu, aliyopewa na mafundi wa maji wa kwao. Matone manne katika kikombe cheupe: maji yakiwa mazuri, hubaki na rangi ya waridi, floraidi ikizidi, hugeuka njano.

Kesho yake asubuhi alipelekwa kushuhudia ibada kubwa ya taifa. Katika uwanja wa Jumba la Bomba watu walikusanyika kumwangalia Mtazamaji Mkuu, Bwana Mwinyikai, akifungua bomba na kujaza bilauri. Kazi yake ilikuwa kuinua bilauri ile juani na kusoma kupitia kwayo maneno yaliyochorwa ukutani: KINACHOPITISHA NURU NI SAFI. Maneno yakisomeka, kengele hupigwa, na maji ya nchi nzima huwa safi kwa siku hiyo. Katika miaka ishirini na miwili ya kazi yake hayakuwahi kukosa kusomeka. Aikande aliona jambo moja tu la ajabu: Bwana Mwinyikai hakuweza kuinua kichwa. Ili aone bilauri aliegemea nyuma kwa mwili wote, na makarani wawili wakamshika mabega asianguke.

Ibada hiyo ilitokana na Sheria ya Jicho, iliyo mama wa sheria zote za Maang'avu, isemayo kwamba kisichoonekana kwa jicho hakimo. Ilipitishwa miaka thelathini nyuma, serikali ilipochimba visima virefu kwenye mwamba na kuingiza bomba katika kila nyumba. Maji yalikuwa baridi na matamu, na watu walikuwa na haki ya kuyajivunia, kwani zamani walitembea nusu siku kuyafuata kijitoni.

Serikali ilimpangia Aikande kukaa kwa Bi Mashavu, mama kijana wa miaka ishirini na minane. Mumewe alikuwa kaskazini, akichimba visima vingine. Nyumbani alikuwapo mama mkwe wake, Bibi Tabu, aliyepita sabini. Binti wa miaka saba aitwaye Nyange. Na kichanga cha miezi sita, Feruzi.

Aikande alifika mlangoni, akamwona Mashavu amempa mgongo, akipepeta mchele.

"Hodi, mama."

Mashavu hakugeuka. Majirani waliokuwa kibarazani wakaguna. Alipomaliza kupepeta, Mashavu alisimama, akazunguka mwili mzima kama mtu aliyebeba mtungi kichwani, akamkabili mgeni.

"Shikamoo, dada. Karibu. Usichukie, lakini kwetu mtu haitwi kwa nyuma. Ni utovu wa adabu. Unamzunguka, unafika mbele ya uso wake, ndipo unamsalimu."

"Marahaba. Nisamehe, sikujua. Na kwa nini iwe hivyo?"

Mashavu alifikiri. "Ndiyo adabu," alisema.

Wakati huo Bibi Tabu, aliyeketi ndani, alisikia sauti ngeni na kugeuza shingo haraka ili aone ni nani. Kisha alishtuka, akauficha uso kwa ncha ya kanga, kama aliyefumaniwa. "Mwanangu, usiwaambie watu," alisema. "Shingo yangu ina utoto. Haikuwahi kutulia."

Aikande alikaa chini. Mama mkwe wa miaka sabini ageuza shingo, mkamwana wa ishirini na minane hawezi. Nyange alipita akielekea jikoni, miguu yake imepinda kwa nje kama mikono miwili iliyokumbatia pipa. Sketi yake ya shule ilikuwa imeshonwa pana kwa makusudi. Baadaye Aikande aliambiwa kwamba sare zote zilikatwa hivyo kwa amri ya Wizara, na kwamba Kamati ya Miguu ilikuwa katika mwaka wa kumi na moja wa mjadala, nusu ya wajumbe wakishikilia kwamba miguu ya watoto hupinda kwa unyenyekevu, nusu kwamba hupinda kwa majivuno.

Siku ya nne, wakichambua mboga, Mashavu aliuliza bila kuinua macho. "Dada Aikande, kwenu watoto miguu yao ikoje?"

"Siku hizi imenyooka. Zamani ilikuwa kama ya Nyange."

Kisu cha Mashavu kilisimama. "Wiki ijayo Feruzi anaanza uji," alisema polepole. "Nyange alizaliwa na miguu kama ya huyu. Nilimpima kwa kamba kila mwezi. Alipoanza kutembea nikaona. Nikaambiwa ni urithi wa heshima. Nikaambiwa nishukuru."

Aikande alichukua chupa yake. Alikinga maji ya bomba katika kikombe cheupe, akadondosha matone manne. Wekundu ulifunguka majini kama ua, kisha mbele ya macho yao ukafifia na kuwa njano, njano ya mkojo wa mgonjwa. Mashavu alirudi nyuma hatua moja.

"Ni dawa yako hiyo."

"Unayo maji mengine yasiyotoka bombani?"

Bibi Tabu aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kata ya maji. Chini ya upenu alikuwa ameweka kasiki kubwa la maji ya mvua, alilolificha kwa magunia, kwa kuwa kukinga mvua kulihesabiwa kuwa dharau kwa bomba. Aliyatumia kuoshea nywele, na mwenyewe aliyanywa kwa siri. Matone manne yalidondoshwa, na maji yakabaki na rangi ya waridi.

Wanawake watatu walivitazama vikombe viwili kwa muda mrefu.

"Nikiyachemsha?" Mashavu aliuliza. "Nikiyachemsha sana?"

Waliyachemsha hadi yakabaki nusu sufuria. Yalipopoa waliyatia matone, na njano ikaja haraka kuliko mwanzo. Aikande alimweleza kwamba moto huua vijidudu, lakini floraidi ni madini. Maji yanapokwenda na mvuke, floraidi hubaki chini, na maji yaliyobaki huzidi ukali.

"Kwenu mlifanyaje?"

"Mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe inachomwa, inapondwa iwe punje kama mchele, inajazwa kwenye ndoo yenye bomba kwa chini. Maji yanapita polepole, na zile punje zinaikamata floraidi."

Mashavu alimtazama mtoto aliyelala mkekani. "Basi tuchome."

Hapo Aikande aliona aibu ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Kwao kazi hiyo ilifanywa na watu wa kituo cha maji. Yeye alikuwa mfinyanzi; aliwaona wakiifanya, hakuifanya kwa mkono wake. Lakini tanuri alilijua, na moto aliujua, akadhani yatosha.

Waliomba mifupa kwa wachinjaji, waliofurahi kuondolewa taka. Walichoma mchana kutwa katika tanuri dogo alilolijenga Aikande uani, kwa moto mdogo wa kuvizia. Ilitoka myeusi tii, na ilipopondwa ilinuka kama ngozi iliyoungua. Maji yaliyopita humo yalitoka ya kijivu, yenye harufu. Hata hivyo yalipotiwa matone yaliachana na njano na kukaribia waridi. Mashavu alipiga makofi. Jirani aliyekuwa akichungulia ukutani naye alikimbia, akaenda kushtaki.

Bwana Mwinyikai alikuja mwenyewe jioni ileile, na makarani wake na ubao wenye maneno ya taifa. Alimzunguka kila mtu hadi mbele ya uso, akasalimu kwa utaratibu. Kisha aliinua bilauri ya maji yaliyochujwa, na maneno hayakusomeka.

"Machafu," alisema kwa huzuni. Aliinua ya bomba. "Safi."

"Bwana Mtazamaji," Aikande alisema, "nakuomba utazame na hivi." Alimwonyesha vikombe vilivyotiwa matone, cha bomba na cha mvua.

Aliegemea nyuma, makarani wakamshika, akatazama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa akitazama uwanjani.

"Naona," alisema hatimaye. "Lakini sheria inaniuliza kama yanasomeka tu." Akaandika hati ya mashtaka, na mkono wake ulipokuwa ukiandika Aikande aliona viungo vya vidole vyake vilivyovimba.

Baraza la Maang'avu hukaa duara, kwa kuwa wajumbe hawawezi kugeuza shingo. Msemaji huketi katikati kwenye kiti cha kuzunguka, na mhudumu humzungusha polepole ili kila mjumbe apate sehemu yake ya uso na ya hoja. Inatokea kwamba mjumbe mmoja hupata mwanzo wa sentensi na mwingine mwisho wake, na kura zao hufuata hivyo.

Aliyeanza kuzungushwa ni Waziri wa Uang'avu, Mheshimiwa Chanzi.

"Waheshimiwa, mambo ni mepesi. Maji yetu yalikuwa hayana rangi. Mgeni ametia dawa yake, yakawa njano. Ninauliza: nani aliyeyachafua?"

Baraza lilishangilia. Aikande alipewa kiti. Alikuwa amevaa kanga ya kuazima, na mikono yake ilikuwa bado na masizi.

"Dawa ni moja," alisema. "Vikombe ni viwili. Kama dawa ndiyo yenye njano, mbona ya mvua haikugeuka?"

Mjumbe mmoja alisimama, akasema basi kasoro iko kwenye mvua, na akaomba ieleweke kwamba mvua haijawahi kukaguliwa. Mwingine aliuliza mvua hunyesha kwa kibali cha nani. Suala hilo lilizungushwa karibu saa nzima. Mjumbe wa tatu, mtu mwenye busara kwa viwango vya pale, alipendekeza kwamba rangi ya njano iitwe waridi kwa muda, hadi kamati ipatikane. Pendekezo lilielekea kupita.

Ndipo Mtazamaji Mkuu alipoomba kiti. Hakuna aliyekumbuka kama aliwahi kuzungumza barazani. Alipoanza kuzungushwa aliinua mkono.

"Naomba kisizungushwe," alisema. "Nitazunguka mwenyewe." Alisimama, akazunguka kwa hatua fupi za maumivu, akimkabili kila mjumbe alipokuwa akisema.

"Niliapa kutazama. Sikuapa kuona mazuri. Sheria ya Jicho inasema kisichoonekana hakimo. Haikusema kinachoonekana kikanwe. Njano hii naiona. Kwa hiyo imo. Na kama imo kikombeni mwa huyu mama, imo na kwenye bilauri niliyoinua kwa miaka ishirini na miwili, mbele yenu na mbele ya watoto wangu."

Alimgeukia mjumbe wa mwisho.

"Magoti yangu hayakunjiki asubuhi. Nimeficha. Nimedhani ni ukubwa wa cheo."

Mtu mmoja alicheka, kisha akanyamaza, kwa sababu wengine hawakucheka. Katika duara lile kila mmoja alijua habari za magoti yake mwenyewe.

Baraza halikumpa Aikande ushindi. Lilimpa siku arobaini. Waziri Chanzi aliongeza sharti: maji ya ndoo yake lazima yasomeke kama ya bomba, na tena yawe ya waridi. Yakikosa moja, tanuri livunjwe na mgeni aondoke.

Nyumbani Feruzi alikuwa ameanza uji, na uji ulipikwa kwa maji ya kasiki. Mvua ilikuwa mbali. Bibi Tabu aliacha kuoshea nywele, kisha aliacha hata kuyanywa, akarudi bombani ili mjukuu abakiziwe. Kila asubuhi Mashavu aliteremsha kata na kusikiliza sauti yake ikigusa maji, na kila asubuhi sauti ilitoka chini zaidi.

Safari ya pili Aikande aliukasirikia moto. Alisema kosa la kwanza lilikuwa woga, akachoma mifupa kama anavyochoma vyungu, tanuri wazi, kuni kavu, miali ikitoka juu. Mifupa ilitoka myeupe, mizuri, inalia kama vigae ukiigonga. Maji yaliyopita humo yalisomeka vizuri kabisa. Makarani walisoma maneno yote. Matone yalipodondoshwa, yakawa njano tupu. Moto ulikuwa umekula kila kitu, hata ile nguvu ya kukamata.

Mhudumu wa Waziri aliyetumwa kushuhudia aliondoka akitabasamu kwa meno yake ya asali. Siku zilizobaki zilikuwa tisa.

Aikande alikaa kwenye kizingiti, akaangua kilio kifupi, kisha akafuta macho kwa kiganja chenye majivu. "Nimewatia matumaini bure," alisema.

Mashavu alikuja akamzunguka, akakaa mbele yake. "Dada, ya kwanza ilikuwa nyeusi ikafanya kazi ila ikanuka. Ya pili nyeupe haikunuka ila haikufanya kazi. Mimi sijui tanuri. Lakini nikikaanga karanga, mbichi hainogi na iliyoungua hainogi. Hakuna ya katikati?"

Aikande alimtazama. Kisha akaomba udongo.

Safari ya tatu walijaza mifupa, wakawasha, na moto uliposhika waliziba tanuri kwa udongo wa mfinyanzi, wakiacha tundu dogo tu la kupumulia. Aikande alikaa pale kutwa, akiusoma moshi. Mwanzoni ulitoka mzito na wa manjano, wenye harufu ya kuchukiza. Alasiri ulianza kuwa mwepesi. Ulipobaki mwembamba wa samawati, alibandika bonge la udongo kwenye tundu, akasema, "Sasa ufe wenyewe," na akawakataza watu wote kuligusa tanuri kwa siku mbili.

Walipolivunja, mifupa ilikuwa ya kijivu iliyokolea. Alivunja kipande: ndani na nje rangi moja, hakuna harufu. Waliponda, wakachekecha, wakaosha. Vumbi la kwanza lilitoka jeusi. Waliosha tena na tena, Nyange akiteka, Bibi Tabu akimwaga, hadi maji ya kuoshea yalipotoka kama yalivyoingia. Walijaza ndoo, wakamimina maji ya bomba juu, wakaacha yakae na punje.

Asubuhi ile kata ya Mashavu ilikwaruza kitako cha kasiki.

Bwana Mwinyikai alikuja na ubao wake, na nyuma yake kulikuwa na umati uliojaa njia. Bomba la ndoo lilifunguliwa kidogo, maji yakatiririka kwa uzi mwembamba. Aliinua bilauri. Alisoma kwa sauti: "Kinachopitisha nuru ni safi." Kisha alikinga mengine katika kikombe cheupe na kuomba chupa. Matone manne. Wekundu ulifunguka, ukasambaa, ukatulia katika waridi. Watu walisubiri ugeuke. Haukugeuka.

Mtazamaji Mkuu hakupiga kengele. Alirudi kwenye ndoo, akajaza bilauri safi isiyo na dawa, akanywa yote, ingawa kanuni za kazi yake zilimkataza kunywa anachokikagua. Alifuta ndevu zake. "Hayana ladha ya chochote," alisema.

Mambo hayakubadilika kwa siku moja. Baraza lilipitisha nyongeza fupi ya Sheria ya Jicho, ikiruhusu jicho kusaidiwa na matone katika nyumba itakayoomba. Kamati ya Miguu iliendelea na mjadala wake. Wapo waliosema hawawezi kunywa maji yaliyolala na mifupa, na walikunywa ya bomba kwa kiburi hadharani. Lakini tanuri la vigae, ambalo Aikande alikwisha kulijenga, lilianza kupokea mikokoteni ya wachinjaji, na Aikande alifundisha wanawake na wanaume kumi na wawili kusoma moshi. Kaka yake alimwandikia barua yenye maelezo ya mafundi wa maji ya kuchanganya dawa nyekundu, naye akaiweka mikononi mwa mwalimu wa shule.

Jioni moja Nyange alikuja kukaa karibu naye.

"Shangazi, miguu yangu itanyooka?"

Aikande alitamani kusema ndiyo. "Sijui, mwanangu. Sitakudanganya. Pengine kidogo, kwa kuwa bado unakua. Ninachojua ni kwamba maji haya hayataipinda zaidi."

Nyange aliitazama miguu yake kama anayepima kazi. "Na ya Feruzi?"

"Ya Feruzi iko mikononi mwetu."

"Basi mimi nitakuwa ninajaza ndoo," alisema Nyange, akainuka.

Kazi ya Aikande ilikwisha, lakini hakuondoka. Alijua jambo ambalo watu walikuwa wamelisikia bila kulishika: punje huchoka. Zikishiba floraidi huacha kuikamata, na maji hutoka yakisomeka vilevile, hayana harufu, hayana dalili. Aliogopa siku hiyo kuliko alivyoiogopa siku ya Baraza. Nchi iliyozoea kengele ya kila asubuhi ingeweza kuifanya ndoo kuwa kengele nyingine.

Siku hiyo ilikuja mwezi wa tano. Bwana Mwinyikai sasa alikuwa akizunguka nyumba hadi nyumba na chupa ya matone, akitembea polepole kwa fimbo asiyoificha tena. Alifika kwa Mashavu, akakinga maji ya ndoo, akadondosha. Aikande alikuwa amesimama mlangoni. Aliuona wekundu ukififia na njano ikipanda.

Majirani walikuwa wameanza kusogea, na miongoni mwao wale waliokataa mifupa tangu mwanzo, wakiwa na hamu ya kusikia. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuyakataa maji yanayosomeka.

"Bi Mashavu," alisema, kwa sauti iliyofika barabarani, "maji haya si safi."

Watu waliguna. Mmoja akasema, "Tuliwaambia!"

Mashavu alikitazama kikombe. Hakumwangalia Aikande, wala hakutafuta neno la kujitetea. Alimteremsha Feruzi kutoka kiunoni, akamkabidhi kwa Bibi Tabu, akaikumbatia ndoo kwa mikono yote miwili.

"Ahsante, Bwana Mtazamaji," alisema. "Ingekuwa huoni, ningempa mtoto." Kisha akawageukia majirani, akizunguka na ndoo yake hadi akawakabili wote. "Nakwenda tanurini kubadilisha punje. Nani mwingine wa kwake zina miezi mitano?"

Watu walihesabu kwa vidole. Mwanamke wa nyumba ya pili aliingia ndani, akatoka na ndoo yake. Kisha mwingine. Mzee mmoja wa wale waliokataa mifupa alibaki pale na mikono mitupu, akamuuliza Mtazamaji kama anaweza kupita na kwake, kutazama tu, si kwa jambo lolote.

"Napita," alisema Bwana Mwinyikai, na akaifunga chupa vizuri.

Aikande aliwatazama wakiteremka njiani na ndoo zao, wakitembea kwa ule mwendo wao mgumu, wakisimama kila mara wasemeshane uso kwa uso. Aliingia ndani, akaanza kufunga mkoba wake.